Nyumba yenye pango kubwa au nyumba inayopanda bei: tuchague ipi?

Ndugu Mshauri,

Mimi na mume wangu tumefika mahali ambapo karibu kila mazungumzo yetu ya jioni huishia kwenye nyumba ambayo bado hatujainunua. Yeye ameajiriwa na hulipwa mshahara kila mwezi. Mimi nafanya biashara yangu mwenyewe, ambayo miezi mingine hunipa vizuri na miezi mingine hunipa kidogo sana. Kwa miaka 11 tumekuwa tukiweka akiba kwa lengo la kununua nyumba ya kupangisha, na sasa akiba hiyo imefikia asilimia 36 ya bei ya nyumba moja kati ya mbili tunazozitazama. Benki imekubali kutukopesha asilimia 70 ya bei, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, tulipe kwa miaka 20.

Nyumba ya kwanza ni ya zamani, imegawanywa kwa wapangaji wanne, ina uwanja wake, na imesimama katika mtaa wa wafanyakazi ambako watu hawakosekani. Pango lake la mwaka mzima ni sawa na asilimia 12 ya bei inayotakiwa. Tatizo ni kwamba dalali mwenyewe anakiri kuwa bei za mtaa huo hupanda polepole, kama asilimia 3 kwa mwaka. Nyumba ya pili ni fleti mpya katika ghorofa lililojengwa pembezoni mwa mji, karibu na barabara kubwa inayoendelea kujengwa. Bei yake inakaribiana na ya ile ya kwanza, lakini pango lake halizidi asilimia 6 ya bei kwa mwaka. Kinachonivutia ni kwamba bei za eneo hilo zimekuwa zikipanda kwa takriban asilimia 7 kila mwaka.

Mume wangu anasema nyumba isiyojilipa yenyewe ni mtoto mwingine wa kulea, na sisi tunao watatu tayari. Kaka yangu, kwa upande wake, alinunua kiwanja miaka 6 iliyopita na leo thamani yake ni mara mbili ya alichotoa. Yeye husisitiza kwamba pango ni fedha ya matumizi tu, bali utajiri hukaa kwenye thamani ya mali. Nakiri kwamba moyo wangu uko upande wa kaka. Nimefikiri kwamba pengo la fleti ningeweza kulijaza kutoka katika biashara yangu kwa miaka michache, kisha tukavuna baadaye. Asilimia 6 itakayobaki baada ya malipo ya awali nilikusudia kuitumia kupaka rangi na kununua samani. Je, nakosea? Na kati ya fedha inayoingia kila mwezi na thamani inayopanda mwaka hadi mwaka, ni ipi inayostahili kupewa uzito zaidi?

Mama wa watatu

*

Dada yangu,

Nakushukuru kwa kuniandikia ukiwa na tarakimu mkononi, kwa sababu swali lako haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu. Naomba tuichukulie bei ya kila nyumba kuwa ni 100, ili kila kitu tukipime kwa kipimo kimoja, na tuanze na nyumba anayoipenda shemeji.

Pango la 12 kwa mwaka ndilo linaloandikwa kwenye tangazo, lakini silo linalofika mfukoni. Wapangaji huhama, na nyumba hukaa tupu ikisubiri wengine. Tukikadiria mwezi mmoja mtupu kwa mwaka, 12 inakuwa 11. Kisha kuna matengenezo, bima, kodi ya serikali kwa mwenye mali, na malipo ya mtu wa kukusanya pango ikiwa hamtaifanya kazi hiyo wenyewe. Kwa nyumba ya zamani nisingethubutu kutenga chini ya robo ya pango, yaani 3, kwa ajili ya mambo hayo. Inabaki 8. Mkopo wa 70 kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20 utawadai takriban 7.56 kila mwaka. Kwa hiyo nyumba ambayo shemeji anaamini kwamba inajilipa inajilipa kweli, lakini kinachobaki ni 0.44 tu kwa mwaka, nacho ni kiasi kidogo mno kukiita kipato. Nitalirudia jambo hili, maana yeye naye anahitaji kulisikia.

Sasa tuitazame fleti. Pango la 6, likiondolewa mwezi mmoja mtupu, linakuwa 5.5. Gharama tuziweke robo vilevile, kwa kuwa ingawa jengo ni jipya, fleti huwa na mchango wa lazima wa pamoja kwa ajili ya ulinzi, usafi, lifti na pampu za maji, na mchango huo hauna desturi ya kushuka. Inabaki 4. Benki inataka 7.56 ileile. Pengo ni 3.56 katika mwaka wa kwanza, na ndilo ulilosema utalijaza kutoka katika biashara yako kwa miaka michache.

Hapo kwenye "miaka michache" ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Tuseme mambo yaende vizuri, pango lipande kwa asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, na gharama zipande kwa mwendo huohuo. Hata hivyo pango halitalifikia rejesho la benki mpaka mwaka wa 15, na jumla ya fedha mtakazokuwa mmeongeza kutoka mfukoni hadi wakati huo ni takriban 27. Malipo yenu ya awali ni 30. Kwa maneno mengine, fleti hiyo mtakuwa mmeilipia malipo ya awali karibu mara mbili: mara moja kwa akiba ya miaka 11, na mara ya pili kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kutoka katika biashara ambayo wewe mwenyewe umeniambia kwamba haina kipato cha uhakika.

Labda utasema kwamba kupanda kwa thamani kutayafidia yote hayo, na hoja hiyo ni ya haki, kwa hiyo tuipime. Chukua miaka 10. Fleti ikipanda kwa asilimia 7 kila mwaka itafika takriban 197. Ukiiuza, na ada za dalali, wanasheria na uhamisho zikichukua tuseme asilimia 6, na ukalipa deni lililobaki, ambalo litakuwa karibu 50 (maana katika nusu ya kwanza ya muda wa mkopo sehemu kubwa ya rejesho huliwa na riba, na deni hupungua kwa chini ya theluthi), utabaki na takriban 135. Ndani yake mtakuwa mmeweka 30 za mwanzo na 25 za kujaza pengo, jumla 55. Faida ni 80. Nyumba ya zamani, ikipanda kwa asilimia 3 tu na pango lake likipanda vivyo hivyo, baada ya miaka hiyohiyo itakuachia takriban 77 ukiiuza, na itakuwa imekupa takriban 16 njiani kama masalio ya pango. Jumla ni 93 kutokana na 30 mlizoweka, faida ikiwa 63. Nyumba ya kaka yako, tuiite hivyo, imeshinda kwa 17, lakini imeshinda kwa kutumia karibu mara mbili ya fedha zenu, na kwa sharti kwamba asilimia 7 iendelee kwa miaka 10 mfululizo. Gharama za kununua sikuziingiza upande wowote, kwa kuwa zinakaribiana.

Je, isipoendelea? Eneo likitulia na bei ikapanda kwa asilimia 2 tu kwa mwaka, fleti hiyohiyo itakurudishia takriban 65 baada ya kuweka 55. Kwa miaka 10 ya kujinyima umepata 10, na mfumuko wa bei wa asilimia 3 tu kwa mwaka unatosha kuifuta faida hiyo yote. Tazama tofauti ilivyo: kutoka 80 hadi 10, kwa kubadilisha namba moja ambayo hakuna mtu yeyote anayeimiliki, si wewe, si dalali, wala mjenzi wa barabara. Hili ndilo linalonifanya nisite sana kumshauri mtu mwenye deni ategemee kupanda kwa bei. Pango unaweza kulikagua leo, kwa kuwauliza wapangaji na kusoma stakabadhi. Bei ya miaka 10 ijayo hakuna wa kuulizwa.

Watu wengi huziweka fedha inayoingia na thamani inayopanda kwenye mizani kana kwamba ni bidhaa mbili za aina moja, na ukiongeza hii unapunguza ile. Mimi sizioni hivyo. Thamani iliyopanda hulipwa siku moja tu, siku unapouza au unapoitumia kama dhamana ya mkopo mwingine, na kabla ya siku hiyo ni hesabu ya karatasini. Kinachokuwezesha kuifikia siku hiyo ukiwa bado una mali ni fedha inayoingia kila mwezi. Nchini Marekani, kati ya 2006 na 2012, wastani wa bei za nyumba ulishuka kwa zaidi ya robo, na baadaye ukapanda tena hadi kupita kilele cha zamani. Mwenye nyumba ambaye pango lake lilitosha kulipa mkopo aliyaona yote hayo akiwa amekaa. Aliyekuwa akijaza pengo kutoka katika mshahara, kisha mshahara ukakatika, alilazimika kuuza wakati bei iko chini, na bei ilipopanda tena ilimkuta hana kitu. Na si kila mahali bei hurudi haraka. Nchini Japani bei za ardhi zilianza kuporomoka mwaka 1991 na kuendelea kushuka kwa zaidi ya miaka 10.

Kuna jambo jingine ambalo kaka yako angefaidika kulijua. Mtaalamu wa uchumi Òscar Jordà na wenzake walichunguza takwimu za nchi 16 zilizoendelea, kuanzia 1870 hadi 2015, na wakaona kwamba katika faida ya jumla ya nyumba, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, sehemu iliyotokana na pango ilikuwa kubwa kuliko iliyotokana na kupanda kwa bei. Hiyo haimaanishi kwamba kila nyumba katika kila mtaa itakuwa hivyo. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba pango si fedha ya matumizi tu. Kwa muda mrefu limekuwa ndilo shina la faida yenyewe.

Kuhusu kiwanja chake, simpingi. Kilichozidisha thamani mara mbili kwa miaka 6 kimekua kwa takriban asilimia 12 kila mwaka, na hilo ni jambo zuri. Lakini umeniambia kwamba alikinunua, hukuniambia kwamba alikopa, na kiwanja hakina paa la kuvuja wala mpangaji wa kuhama. Yeye angeweza kukisahau kwa miaka 6. Wewe benki haitakusahau hata mwezi mmoja. Hata hivyo katika neno lake kuna ukweli ambao naona mmeutumia upande usio wake. Ni kweli kwamba utajiri hukaa kwenye ardhi: jengo huchakaa, na linalopanda kwa kawaida ni thamani ya pale lilipojengwa. Uchunguzi wa bei za nyumba katika nchi zilizoendelea umeonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya kupanda kwa bei hizo tangu Vita vya Pili vya Dunia kulitokana na kupanda kwa bei ya ardhi. Sasa jiulize, dada yangu, katika nyumba hizi mbili ni ipi inayokupa ardhi? Fleti inakupa kuta, sakafu na kijisehemu cha kiwanja mnachogawana na wenye fleti wote wa ghorofa hilo. Nyumba ya zamani ina uwanja wake. Ikiwa hoja yako ni ardhi, basi hoja hiyo inakuelekeza kwenye nyumba ya mume wako.

Na barabara? Barabara inayojengwa inaonekana na kila mtu, akiwemo muuzaji. Faida yake, au sehemu yake kubwa, huenda imeshaingizwa katika bei mnayotajiwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya pango kuwa asilimia 6 tu ya bei.

Nimesema nitarudi kwa shemeji. Asilimia 12 nayo ni ujumbe unaopaswa kusomwa kwa makini. Pango linapokuwa kubwa hivyo kulinganisha na bei, mara nyingi soko linakuambia kwamba kuna hatari unayolipwa kuibeba: paa limekaribia mwisho wake, mabomba ni ya tangu jengo lilipojengwa, wapangaji hulipa kwa kuchelewa, au baadhi yao wamewekwa hapo na muuzaji ili nyumba ionekane imejaa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nyumba kwa kuamini orodha ya mapango niliyopewa na muuzaji, na katika miezi mitatu ya kwanza wapangaji wawili waliondoka, kwa sababu walikuwa jamaa zake. Nililipa rejesho kwa mshahara kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na tangu hapo sijasaini mkataba kabla ya kuzungumza na kila mpangaji ana kwa ana. Vilevile iulizeni benki kama riba ya asilimia 9 imefungwa kwa miaka yote 20 au inaweza kubadilishwa. Ikipanda hadi asilimia 11, rejesho litakuwa takriban 8.67 kwa mwaka, na nyumba inayojilipa itageuka kuwa nyumba inayowadai 0.67.

Kwa hali yenu, yenye watoto watatu, mshahara mmoja wa uhakika na biashara inayopanda na kushuka, mimi ningechagua nyumba ya zamani, na fleti ningeiacha bila majuto. Lakini nisingeinunua kama mlivyopanga. Ile asilimia 6 unayotaka kuifanya rangi na samani si ya rangi wala samani. Sehemu yake italiwa na gharama za kununua, yaani mwanasheria, mthamini, usajili na ushuru. Iliyobaki ndiyo itakayolipa rejesho nyumba ikiwa tupu. Marejesho ya miezi sita peke yake ni karibu 3.8. Biashara yako usiifunge kwenye deni la kila mwezi, kwa sababu msimu mbaya wa biashara mara nyingi ndio huohuo ambao wapangaji nao wanashindwa kulipa, na pigo hilo litawafika pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ikiwa baada ya kuyasoma haya moyo wako bado uko kwenye fleti, lipo sharti moja ambalo lingenifanya nikuunge mkono: mkopo usizidi 37, kwa sababu huo ndio ambao mapato halisi ya 4 yanaweza kuubeba kwa riba hiyo. Maana yake ni kuwa na malipo ya awali ya 63. Mwenye kipato cha ziada kikubwa na asiyehitaji fedha hiyo kwa miaka mingi anaweza kuamua vinginevyo, na hatakuwa amekosea. Nyinyi, kwa mlivyonieleza, si watu hao kwa sasa.

Kabla ya kutoa chochote, mwombeni muuzaji wa nyumba ya zamani stakabadhi za pango za miezi 24 na mikataba ya wapangaji wote wanne, kisha mpelekeni fundi mnayemwamini nyinyi, asiyependekezwa na dalali, apande juu ya paa na kukagua mabomba. Mkirudia hesabu na kukuta kwamba mapato halisi ni 7 badala ya 8, msiifumbie macho tofauti hiyo kwa kuwa inaonekana ndogo. Mapato ya 7 yanabeba mkopo wa takriban 65, si 70, kwa hiyo ama mwongeze malipo ya awali hadi 35, jambo ambalo litawaacha bila akiba yoyote na kwa hiyo silipendekezi, ama mrudi kwa muuzaji na hesabu hiyo mkononi mkamwombe apunguze 5 kwenye bei yake.